Petroli au Dizeli: Namna ya Kuamua Kabla ya Kununua Gari Lililotumika

Watu wengi wanaotafuta gari lililotumika huanza kwa kuuliza lipi linakula mafuta kidogo, la petroli au la dizeli. Kwa maoni yangu swali hilo linapaswa kuwa la tatu. La kwanza ni kilomita ngapi utatembea kwa mwaka, na la pili ni kilomita hizo utazitembea wapi: kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam, asubuhi, au kwenye barabara ndefu ya kwenda Iringa na Mbeya. Kabla hujampigia dalali simu, na kabla hujaanza kutazama magari yaliyoko Japani, chukua daftari, andika safari zako zote za wiki moja ya kawaida, kisha zidisha jumla yake kwa 50. Namba utakayoipata itakuongoza vizuri kuliko sifa za gari utakazosikia kijiweni.

Mimi sikufanya hivyo nilipojinunulia gari langu la kwanza la dizeli. Nilikuwa nikiishi Mikocheni, ofisi yangu ilikuwa Posta, na siku nyingi sikufikisha kilomita 25. Nililipa bei ya juu kwa sababu ya sifa za injini, na kabla ya mwaka kuisha nozeli zote nne, yaani vipulizia mafuta vya injini, zilikuwa zimeshafunguliwa. Gari lile halikuwa na ubaya wowote, ila lilitengenezwa kwa kazi ambayo mimi sikuwa nayo.

Kwa nini dizeli huenda mbali zaidi

Lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita moja ya petroli na hubeba nishati zaidi, kwa zaidi ya asilimia 10. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili imo ndani ya injini yenyewe. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi, na hewa yake hugandamizwa mara 9 hadi 12 hivi; injini ya dizeli haina plagi ya cheche, bali huigandamiza hewa mara 14 hadi 22 hivi mpaka inapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe mara tu yanapopulizwa na nozeli. Mgandamizo huo mkubwa hutoa kazi nyingi zaidi kutoka kwenye tone lilelile, na ndiyo maana dizeli huvuta kwa nguvu hata injini inapozunguka taratibu, jambo ambalo dereva aliyepandisha mzigo Mlima Kitonga halihitaji kuelezwa.

Lakini mgandamizo huohuo una gharama. Silinda hedi, pistoni na bearingi hubeba mzigo mkubwa, pampu na nozeli hutengenezwa kwa usahihi wa hali ya juu sana, na kwa hiyo vipuri vyake ni ghali. Nozeli za umeme za magari ya kisasa hupuliza mafuta kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,500, kupitia matundu ambayo jicho haliyaoni vizuri. Maji kidogo au mchanga laini kwenye mafuta hutosha kuziharibu.

Hesabu inayoamua

Tuchukue mfano wa magari mawili ya aina moja, Toyota Prado la petroli lenye injini ya lita 2.7 na Prado la dizeli la lita 3.0. Tuseme la petroli linakwenda kilomita 8 kwa lita na la dizeli kilomita 10.5. Tuseme pia mafuta yote mawili yanauzwa shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe rahisi, na gari la dizeli limezidi bei kwa shilingi milioni 10.

Mtu anayetembea kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hufikisha kilomita 9,360 kwa mwaka. Petroli itamlia lita 1,170, dizeli lita 891 hivi. Ameokoa lita 279, yaani takriban shilingi 837,000. Ili zile milioni 10 zirudi atahitaji karibu miaka 12, na hapo bado hajanunua nozeli hata moja. Mtu mwingine anafanya kazi za mikoani na hufikisha kilomita 40,000 kwa mwaka: kwake petroli ni lita 5,000, dizeli ni lita 3,810, na akiba ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu. Fedha yake inarudi kabla ya miaka mitatu kutimia. Rudia hesabu hii kwa bei za siku unayonunua na kwa magari mawili unayoyaangalia kweli. Bei kikomo za Tanzania hutangazwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na za Kenya hutangazwa na mamlaka ya nishati na petroli ya huko, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Usidhani dizeli ni rahisi siku zote; mwishoni mwa mwaka 2022 ilikuwepo miezi ambayo dizeli iliuzwa ghali kuliko petroli kwenye vituo vya Dar es Salaam.

Kwa uzoefu wangu, mtu ambaye hafikishi kilomita 20,000 kwa mwaka, na ambaye havuti tela wala habebi mzigo, hana sababu ya kifedha ya kununua dizeli. Yule anayevuka 30,000, hasa kwa safari ndefu, ana sababu nzuri. Walio katikati waamue kwa kuangalia hali ya gari lenyewe, kwa maana petroli lililotunzwa ni bora kuliko dizeli lililochoka, na kinyume chake.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam kuna jambo jingine ambalo miaka michache iliyopita halikuwa na uzito. Gari la petroli linaweza kufungwa mfumo wa gesi asilia na kuendelea kutumia petroli pale gesi inapokosekana, na kilo moja ya gesi hulipeleka gari mbali zaidi ya lita moja ya petroli kwa bei ya chini sana. Gari la dizeli halibadilishwi kwa urahisi namna hiyo, kwa sababu halina cheche ya kuiwasha gesi. Foleni za vituo vya gesi ni ndefu na mtungi hula nafasi ya mizigo, lakini kwa mwenye teksi au mtu anayetoka Mbagala kila siku, petroli yenye gesi inaweza kuondoa kabisa faida ya dizeli.

Fahamu magari yanayopatikana sokoni

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, na historia ya Japani inaeleza kwa nini magari madogo ya dizeli ni adimu kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sheria za nchi hiyo dhidi ya moshi mchafu katika miji mikubwa zilikazwa, na mwezi Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilizuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango. Karibu magari yote madogo ya dizeli yakatoweka kwenye soko lao. Yalianza kurudi polepole yakiwa na mitambo ya kusafisha moshi: Nissan X-Trail mwaka 2008, kisha Mazda CX-5 mwaka 2012.

Prado lina hadithi yake, nayo inamfaa mnunuzi. Toyota iliacha kuuza Prado la dizeli ndani ya Japani mwaka 2007 na kulirudisha mwaka 2015 likiwa na injini ya 2.8 iitwayo 1GD. Kwa hiyo ukiuziwa Prado la dizeli la mwaka 2011 na kuambiwa kwamba liliuzwa likiwa jipya huko Japani, dai nyaraka. Magari ya miaka hiyo yapo, lakini yalikuwa ya masoko mengine kama Uingereza na Australia, au yaliuzwa yakiwa mapya hapahapa kwetu, na kila chanzo kina namna yake ya kuhakikisha historia.

Kwa ununuzi, mimi huyagawa magari ya dizeli katika vizazi viwili. Kizazi cha zamani ni cha pampu ya kawaida bila umeme mwingi. Mfano wake bora ni injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), inayobeba Land Cruiser nyingi za mbugani na za mashirika. Haina kasi na mafuta inakula, lakini fundi wa Singida au Kigoma anaifungua bila kompyuta na vipuri vyake vinapatikana. Anayekwenda mahali ambapo gereji ya karibu iko kilomita 200 anaelewa thamani ya jambo hilo.

Kizazi cha pili ni cha nozeli za umeme. Injini ya 1KD ya lita 3.0, iliyomo kwenye Hilux, Hiace na Prado nyingi, ni nzuri na ina nguvu, ila ina ugonjwa mmoja unaopaswa kuujua. Sili za shaba (pete za kuziba) zilizo chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, masizi huganda, na mwishowe huziba chujio dogo lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini hukosa oili na kufa ghafla, hata kama mmiliki alikuwa akifanya servisi kwa wakati. Muulize muuzaji sili hizo zilibadilishwa lini. Akikosa jibu, weka fedha ya kazi hiyo pembeni na uipunguze kwenye bei. Injini hiyo pia hutumia mkanda wa taimingi, unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni, unaotakiwa kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea toleo. Magari ya Japani mara nyingi hubandikwa karatasi ndogo kwenye chumba cha injini inayoonyesha tarehe na kilomita za mkanda ulipobadilishwa. Ilinganishe na kilomita za dashibodi. Dashibodi ikionyesha 90,000 na karatasi ikasema mkanda ulibadilishwa kwenye 140,000, umeshajua kwamba kilomita zimerudishwa nyuma.

Kichujio cha masizi

Sehemu hii ndiyo inayowaumiza wanunuzi wa sasa, na naomba isomwe polepole. Dizeli za Japani za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi hukiita DPF. Kichujio hicho hukusanya masizi, kisha kompyuta ya gari huyachoma kwa joto linalofika nyuzi 600 hivi. Ili uchomaji ukamilike, gari linahitaji mwendo wa barabara kuu kwa dakika 15 hadi 20 bila kusimama. Gari linalotembea kati ya Kariakoo na Sinza haliupati mwendo huo. Uchomaji huanza, gari likazimwa, likaanza tena, likazimwa, mpaka kichujio kinajaa na injini inapunguziwa nguvu.

Kwenye Mazda zenye injini ya dizeli iitwayo Skyactiv-D kuna dalili unayoweza kuiona mwenyewe bila fundi. Wakati wa kuchoma masizi, nozeli hupuliza mafuta ya ziada, na sehemu ya mafuta hayo huteremka kwenye oili. Vuta kijiti cha kupimia oili: juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Oili ikiwa imekaribia au imefika kwenye X, imechanganyika na dizeli na haiilindi injini tena. Gari hilo limeishi maisha ya mjini.

Prado na Hiace za karibuni zenye injini ya 1GD, zikitoka Japani, zina pia tangi la maji ya urea yanayopulizwa kwenye moshi ili kupunguza sumu yake. Maji hayo yakiisha gari hutoa onyo, na likipuuzwa hukataa kuwaka. Kabla ya kununua, hakikisha unajua utayapata wapi katika mji wako. Nchini Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, dizeli karibu zote unazoweza kuagiza leo kutoka Japani zina mitambo ya namna hii, kwa hiyo Mkenya hana nafasi ya kukimbilia kizazi cha zamani isipokuwa anunue gari ambalo tayari liko nchini.

Utakutana na fundi atakayekwambia kichujio kinakatwa na kompyuta inadanganywa kidogo tu. Usikubali, na usinunue gari lililofanyiwa hivyo. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2012, na watoto wa nyumbani kwako ndio watakaouvuta wa kwanza gari linapopashwa moto chini ya dirisha lao.

Petroli nayo ina magonjwa yake

Injini ndogo za petroli kama 1NZ ya lita 1.5, iliyomo kwenye IST, Ractis na Fielder, ni salama kwa mtu anayenunua gari kwa mara ya kwanza. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, vipuri vyake vimejaa Kariakoo, na mara nyingi seti ya nozeli nne mpya za dizeli ya kisasa huzidi bei ya injini yake nzima ya mtumba. Uangalifu zaidi unahitajika kwenye injini za petroli zilizoandikwa D-4, kama 1AZ-FSE ya RAV4 na Noah za miaka ya 2000, ambazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Pampu yake ni ghali, na njia za hewa hujaa kaboni. Kama kuna gari kama hilo lenye injini ya kawaida, chukua la kawaida.

Kulikagua gari

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Nenda asubuhi, weka kiganja juu ya boneti, na likiwa na joto ahirisha ukaguzi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa huficha magonjwa mengi ya dizeli. Liwashwe mbele yako huku wewe ukiwa nyuma, kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi unaotoka gari linapokanyagwa ghafla na kukatika haraka si tatizo kwa dizeli ya zamani. Unaoendelea ni ishara ya nozeli zinazomwaga, hewa isiyotosha au turbo iliyochoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, kwa petroli na kwa dizeli sawa. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata joto ni mafuta yasiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na hilo la pili huashiria gasketi au silinda hedi iliyopasuka.

Injini ikiendelea kunguruma, legeza mfuniko wa kujazia oili na uuache juu ya tundu bila kuukaza. Ukitetemeka kidogo, ni kawaida. Ukirushwa, au moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi za pistoni zimekwisha na hakuna bei inayoweza kuitwa nafuu kwa gari hilo.

Kwa dizeli ya nozeli za umeme, usimalize ununuzi bila kuipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kupima. Mashine husoma kiasi ambacho kompyuta inairekebisha kila nozeli ili injini itulie. Nozeli moja ikiwa na namba iliyoachana sana na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa. Ukiweza, zipimwe pia kiasi cha mafuta zinachorudisha kwenye tangi. Kazi hiyo ni ya saa chache na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na nozeli zenyewe. Muuzaji anayekataa gari lisipimwe amekwisha kukupa jibu.

Kisha liendeshe, si kuzunguka mtaa mmoja, bali angalau nusu saa pamoja na kilima. Turbo nzima huingia taratibu na kwa mfululizo. Sauti ya filimbi inayopanda na kuwa kama king'ora, au oili iliyolowanisha mabomba ya hewa, ni dalili ya turbo inayokufa. Wakazi wa Nairobi, Arusha au Mbeya wajue pia kwamba injini isiyo na turbo, ya petroli au ya dizeli, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, wakati yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Baada ya kulipa

Badilisha oili na filta zote wiki ya kwanza hata kama muuzaji ameapa kwamba amefanya servisi jana. Kwa dizeli, filta ya mafuta ibadilishwe pamoja na kumwaga maji yaliyokaa chini yake, na zoezi la kumwaga maji lirudiwe kila servisi, au mara taa yake ya njano inapowaka. Chagua vituo viwili au vitatu vinavyouza mafuta mengi kila siku na ujaze huko. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa mno hapa Tanzania mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Nozeli za kisasa haziwezi kuvumilia hata kosa moja la namna hiyo, kwa maana mafuta ya taa hayana ulainishaji ambao pampu inautegemea.

Andika neno DIZELI kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha tangi, na mwambie kila mtu atakayeliendesha gari. Ikitokea mhudumu wa kituo amejaza petroli, usiwashe gari, wala usigeuze swichi hata mara moja, kwa kuwa kwenye magari mengi pampu huanza kusukuma mafuta hapo hapo. Lisukumwe pembeni likiwa limezimwa, tangi limwagwe lote, filta ibadilishwe, ndipo lijazwe upya na kuwashwa.